Kitambaa Juu ya Seva ya Nyansurura

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi, na vumbi la malori ya mgodi wa Nyamongo limetanda hadi kwenye dirisha langu. Sasa nimetulia. Saa nne sikuwa hivi.

Tangu nilipostaafu ualimu, natunza seva, kompyuta kuu ya kituo kimoja cha afya huko Nyansurura. Mimi niko hapa, yenyewe iko kule. Ndani yake kuna kifaa kidogo cha usimamizi chenye waya wake wa mtandao. Kwa kifaa hicho naona joto, feni, diski na umeme nikiwa kitini, na naweza kuizima na kuiwasha hata mfumo ukiganda. Kazi hii naiweza, na sioni haya kulisema.

Saa nne lilikuja onyo: hewa inayoingia imefika nyuzi arobaini na moja. Ikifika arobaini na tano, seva hujizima yenyewe. Na Alhamisi ni siku ya kliniki ya watoto. Rekodi zote za chanjo zimo humo.

Nilimpigia daktari mfawidhi nikamwambia kwamba feni imekufa, asimamishe kliniki. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Ndipo nikafungua ukurasa wa feni.

Zote nne zilikuwa zikizunguka kwa kasi ya mwisho. Mashine yenye feni nzima ambayo bado inachemka imekosa hewa, na sababu yake haionekani kwa namba. Lazima mtu aitazame kwa macho. Nikampigia Bhoke, mtunza kumbukumbu wa kituo. Aliniamkia, akasema chumba ni safi na seva ameifunika vizuri.

Ameifunika! Kwa kitambaa chekundu alichokifuma mwenyewe, kinachoshuka hadi mezani pande zote, kama tunavyofunika redio sebuleni.

Nilipandisha sauti. Yeye hakupandisha.

"Mwalimu, uliniambia vumbi lisiiguse. Haya, halijaigusa."

Ni kweli. Mwezi uliopita nilimpa amri hiyo, wala sikumweleza kwamba seva huvuta hewa kwa mbele. Miaka yote darasani nilitoa amri hivyo hivyo, na nilipotiiwa niliridhika.

Nilimwomba akiondoe. Nikabaki nikitazama namba: arobaini na tatu, arobaini, thelathini na sita. Feni zikapunguza kasi moja baada ya nyingine.

Simu ya pili kwa daktari ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Nilimwambia kwamba feni ni nzima, kliniki iendelee, na kosa ni langu, si la Bhoke. Daktari akasema akina mama wawili walikuwa wameshaambiwa warudi nyumbani. Angemtuma mtu wa bodaboda awafuate.

Saa tisa Bhoke aliniandikia kwamba mmoja amerudi na mtoto wake amechanjwa. Yule mwingine hakupatikana njiani. Nyumbani kwake, Bhoke anapajua.

Jioni hii seva inasoma nyuzi ishirini na saba. Juu yake sina wasiwasi wowote. Ningeweza kuitunza kutoka hapa mwaka mzima bila kuondoka kitini.

Hata hivyo, kesho asubuhi nakwenda Nyansurura. Nitamwomba Bhoke anipeleke kwa yule mama, nimwambie mwenyewe kwamba aliyemrudisha nyumbani ni mimi.