Kondo la Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Chafya tangu nilipoamka. Macho mekundu, pua inachuruzika kama bomba. Mdogo wangu kaja na mimba yake, kubwa kama yangu — ngozi nyororo, anang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa! Mama kamkimbilia na mto wa kuegemea. Mimi nimeambiwa nisiache karatasi zangu za kamasi kwenye kochi.

Jumatano, 12 Machi
Kliniki. Daktari anachunguza aleji za wajawazito. Anasema kondo la nyuma lina askari wake wa kinga. Kazi yao kubwa ni kumvumilia mtoto, wasimwone mvamizi. Mama akiwa na aleji, huenda askari hao wanakaa roho juu. Huenda! Nikauliza kama mtoto wangu atarithi. Eti hata wao bado wanatafuta. Nimekubali walichukue kondo langu nikijifungua.
Halafu akamgeukia mdogo wangu, aliyenisindikiza. Je, naye angekubali? Wanataka na la mama asiye na aleji, la kulinganishia.
Yaani hata kondo lake ndilo la mfano! Yeye kacheka njia nzima. Mimi nimejikuna njia nzima.

Ijumaa, 28 Machi
Kajifungua. Msichana. Mama anapigia simu dunia nzima. Nimesema hongera. Ulimi mzito kama jiwe.

Jumapili, 20 Aprili
Mtoto wa mdogo wangu katoka vipele. Mashavu yamechubuka, analia, anajisugua kwenye shuka. Daktari wa watoto kasema ni pumu ya ngozi.
Nilifurahi. Kidogo tu. Mungu anisamehe — nilifurahi!
Nikaenda kwa mdogo wangu. Nimemkuta kakaa sakafuni, nywele timutimu.
"Dada, mimi hata chafya sina. Nimekosea wapi?"
"Hujakosea popote. Mama naye hana aleji, na kanizaa mimi."
Nikampaka mtoto mafuta mazito yasiyo na manukato, nikamlaza juu ya tumbo langu. Kimya! Wa ndani akapiga teke, wa nje akashtuka, kisha akalala fofofo. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanong'ona kwamba nisimwondoe, mikono yangu imemtuliza.
Nikainua macho. Mdogo wangu hamtazami mwanawe. Anatazama tumbo langu. Jicho lile nalijua — ni langu mimi!
Nimetaka kumrudishia mtoto. Kila nikimwinua, analia upya. Na mama yake bado hajanyoosha mikono —