Mpishi wa Nyumba Mbili

Kinondoni, Dar es Salaam

Kwa mama yangu mzazi,

Shikamoo mama. Nakuandikia nikiwa mzima, mkamwana wako Zuhura ni mzima, na mjukuu wako Mwanaidi ni mzima kutupita sote, maana jana kang'ata sabuni na wala hakulia. Habari za Mombasa? Miguu inaendeleaje? Yale mafuta niliyokuletea unajipaka, au umempa jirani kama kawaida yako? Na wewe Rajabu, mdogo wangu, unayemsomea mama barua hii, nakuomba usiruke hata neno moja, hata pale utakapoona haya.

Mama, barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Unasema Mjomba Shee alipopita hapa akitokea Kilwa alinikuta nimechuchumaa uani, napuliza mkaa, mtoto nimemfunga mgongoni kwa kanga, na mke wangu hayupo. Kakwambia nimelishwa limbwata. Nawe ukaniamuru nimwachishe Zuhura kazi, au nimrudishe kwao Bagamoyo.

Mjomba hakusema uongo. Mkaa nilikuwa napuliza, na kanga ilikuwa ya Zuhura, ile nyekundu. Lakini alikula sambusa sita za mkono wangu kabla ya kwenda kunisema. Hilo kakwambia?

Ngoja nikueleze ilivyoanza. Mwaka jana ilifunguliwa hapa zahanati ya akina mama na watoto. Walitaka mwanamke anayejua kusoma na kuandika, asiye na dharau. Bi Tatu, mwenye nyumba wetu, bibi wa Kizaramo asiyejua kunyamaza, akawaambia, "Yupo, anakaa chumba changu cha mbele." Zuhura akachukuliwa. Anapima watoto uzito, anaandika kitabuni, anawaelekeza mama zao namna ya kuwalisha na kuwakinga na maradhi. Anatoka asubuhi, anarudi saa kumi. Mie, kama ujuavyo, napika kwa Mzungu kule Oysterbay. Chakula cha mchana kikishaliwa nina ruhusa tangu saa nane mpaka saa kumi na moja. Asubuhi mtoto yuko kwa Bi Tatu, saa nane namchukua mie. Sasa mama, mtu yuko kwake, njaa ipo, mchele upo, na kupika ndiyo kazi anayoijua. Akae amsubiri nani?

Watu walicheka sana. Sefu, seremala wa nyumba ya pili, ndiye aliyeongoza. Kila nikitoka bombani na ndoo yangu anapaza sauti, "Shikamoo Bi Athumani! Mume hajambo?" na wenzake kwenye bao wanaangua kicheko. Siku za mwanzo nilikuwa nangoja wakienda kuswali alasiri ndipo nichote maji. Halafu nikaanza kuwaza. Mtaa huu umejaa wapishi na madobi, wanaume watupu. Yupo mtu mzima na ndevu zake, anafua na kupiga pasi nguo za ndani za memsahibu, mke wa bwana wake, na akipita watu wanampisha, bwana mkubwa ana kazi kwa Mzungu. Mie nikifua kanga ya mke wangu mwenyewe, nimerogwa. Sijaelewa mpaka leo aibu inaingilia wapi.

Siku moja memsahibu wangu aliniona naharakisha kuondoka, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mke wangu yuko kazini, nakwenda kumpikia. Akavuta kiti akakaa pale pale jikoni, jambo ambalo hajapata kulifanya. Akanambia kwao Uingereza mwanamume kupika nyumbani ni kichekesho, na kwamba bwana hajui hata kuchemsha yai. Wakati wa vita, wanaume walipokwenda kupigana, yeye alifanya kazi kiwandani, anaunga vyuma vya ndege. "Vita kwisha," akasema kwa Kiswahili chake kile, "wanaume rudi, mimi ambiwa asante sana, sasa rudi jikoni." Akalitazama jiko, akanitazama mie niliyesimama na mwiko. "Na huku, jikoni iko wewe!" Tukacheka sote wawili. Lakini alipotoka, mama, alikuwa hacheki tena. Tangu siku hiyo saa nane ikifika yeye ndiye ananikumbusha niende.

Hata hivyo barua yako ilipofika nilikutii. Nilimwambia Zuhura, "Mama hataki. Acha kazi."

Nilidhani atalia, au atanuna. Akaniuliza tu, "Na wewe unataka nini?"

Nikainama nikaanza kuifuta baiskeli yangu. Akalikunja gauni lake jeupe la kazini, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Kuanzia hapo nikija saa nane nakuta chakula tayari, ua umefagiliwa, mtoto kaogeshwa. Nilikuwa na kila sababu ya kufurahi. Badala yake nikawa kama mgeni ndani ya nyumba yangu. Nakula, nashukuru, naondoka. Mwanaidi, ambaye alikuwa akinivuta shati nimbebe, sasa ananichungulia kutoka nyuma ya mama yake. Na Zuhura, unamjua kwa maneno, alibaki na "ndiyo" na "haya" basi.

Siku ya sita narudi nakuta baraza limejaa wanawake, mikeka imetandikwa mpaka uani, wengine wamesimama juani. Nikajua kuna msiba. 

"Nani kafa?" nikauliza.

"Hajafa mtu," mmoja akanijibu, mtoto titini. "Tumekuja kupimiwa watoto. Yule waliyemweka kule zahanati anatufokea, sie hatumtaki."

Zuhura alikuwa katikati yao. Hana mizani, hana kitabu, anashika watoto mikono na mapaja, anawatazama macho. Kisha nikamwona Sefu. Alisimama kando ya mlango, kichanga chake mikononi, kakibeba kama ubao uliopakwa rangi mbichi. Mkewe alikuwa kitandani na homa. Sefu hakuniangalia.

"Hanyonyi tangu asubuhi," alimwambia Zuhura. "Na anaharisha."

Zuhura akampokea mtoto, akampapasa utosi, uso wake ukabadilika. "Huyu hangoji hapa. Aende hospitali sasa hivi." Akanigeukia. "Athumani, baiskeli!"

Hakuniomba, mama, wala hakunibembeleza. Na mie sikuona tusi. Nilimpakia Sefu na mwanawe nyuma, nikakanyaga baiskeli mpaka kifua kikawaka moto. Njia nzima nilimsikia Sefu nyuma yangu anasoma dua. Tulipofika mtoto akapokelewa, na daktari akasema tungechelewa kidogo tu tungempoteza. Alilazwa siku tatu. Sasa yuko kwao, ananyonya mpaka mama yake analalamika.

Nilirudi nyumbani nikakuta wanawake bado wapo, wanangoja habari. Nikatia sufuria kubwa motoni nikawapikia uji wote. Wakati nakoroga, Zuhura akaja kusimama karibu yangu.

"Uliniuliza nataka nini," nikamwambia. "Nataka urudi kazini."

"Na mama?"

"Mama nitamwandikia mwenyewe."

Basi ndiyo hii nakuandikia. Zahanati walimrudisha bila maneno, maana wanawake walikuwa wameacha kwenda. Sefu bado ananiita Bi Athumani, ila kwa sauti ya chini, na juzi aliniuliza pilipili manga kwenye uji wa mzazi inatiwa kabla haujachemka au baadaye.

Mama, siandiki haya nikushinde. Baba alipokuwa baharini miezi na miezi, ni mahamri yako ya kuuza yaliyotulea mie, Rajabu na dada zetu. Alfajiri ulipokuwa unasukuma unga, moto nilikuwa nachochea mie. Hukuniita mwanamke. Ulinambia nina mkono mzuri. Kama una hasira, nikasirikie mie. Zuhura alikutii siku sita bila kukusema kwa lolote, na aliyeshindwa ni mwanao.

Nisalimie Mjomba Shee, mwambie sina kinyongo. Nisalimie shangazi aliyetusomesha Kurani, na dada zangu wote wa tumbo moja na wasio wa tumbo moja, na mama Halima jirani yetu wa ukuta mmoja. Zuhura anakuamkia, na Bi Tatu anasema angependa kukuona umbishie, amechoka kubishana na sie.

Mama, fanya uje. Rajabu akupakie melini, mie nitakupokea bandarini. Miaka minane nawapikia wageni. Wamekula, wamesifu, wamekwenda kwao, wamekuja wengine. Wewe uliyenizaa hujala hata kijiko cha chakula nilichopika mie mwenyewe. Ukifika usiniingilie jikoni. Kaa mkekani, nyoosha miguu, nikuletee.

Mimi mwanao akupendaye,
Athumani