Kikombe Chako Kiko Butiama

Mwalimu Magesa, ndugu yangu,

Nimerudi Bweri tangu juzi na hasira hazijaniisha, ndiyo maana nakuandikia. Ungekuwa hai ningekupigia simu, ungecheka, nami ningekata. Sasa huwezi kucheka na mimi siwezi kukata, basi utanisoma mpaka mwisho.

Jumamosi nilifanya ile safari yetu. Binti yako Nyabise alinifuata na gari lake asubuhi, akanikuta nimeshavaa koti. Tulifuata mpango kama ulivyokuwa: Musoma samaki, Bunda supu, Butiama chai. Hoteli zile zile tatu tulimokula tukiwa walimu vijana, tukizunguka na timu ya mpira ya shule kwenye lori la kukodi. Tangu tustaafu tulikuwa tunasema tutaenda, tutaenda. Na kule wodini, siku ya mwisho niliyokukuta unaweza kusema, hukunitajia watoto wala ng'ombe. Ulisema, "Kikombe changu kiko Butiama. Nenda." Nikaitikia.

Nyabise hakuijua habari ya vikombe, ikabidi nimweleze kabla hatujafika mjini. Kwamba mama wa hoteli ya Butiama alikuwa na vikombe vichache na walimu wengi, akatuambia kila mmoja alete chake cha bati kutoka nyumbani, akipake rangi chini, yeye atakitundika kwenye msumari ukutani. Kwamba chako kilikuwa na rangi ya kijani na changu nyekundu. Kwamba kunywea kikombe cha mwenzio pale lilikuwa kosa la kusemwa wiki nzima. Akasema, "Kwa hiyo tunaendesha kutwa nzima kufuata kikombe." Nikasema ndiyo. Akawasha redio.

Musoma nilipatambua kwa sakafu tu. Hoteli ya ningu, pale jirani na soko la samaki, sasa ni kibanda cha chipsi. Nilimuuliza binti anayehudumia kama ningu wapo. Akanitazama kama nimemtajia babu yake mzaa babu. "Ningu ndiyo nini, mzee?" Nikamweleza kwamba ni samaki wa ziwa hili hili analoliona, kwamba mvua zikianza hupanda mitoni, kwamba miiba yake ndiyo iliyotufundisha kula bila kuongea. Alisubiri nimalize, mtoto wa watu, kisha akasema, "Kwa hiyo nikuletee chipsi?"

Nikaomba ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, na mtama. Ukaja wa sembe, mweupe kama chaki. Nyabise akasema, "Kula, baba mdogo. Chakula hakijakukosea."

Bunda ilikuwa mbaya zaidi. Unamkumbuka yule mzee wa makongoro, aliyekuwa akituambia supu haipulizwi, inasubiriwa? Nilihesabu milango kutoka kona mara tatu. Mlango wake unauza makava ya simu. Nikasimama pale nikijaribu kukumbuka sufuria ilikaa upande gani, na Nyabise akaniita kutoka garini, "Baba mdogo, tunatafuta supu au tunatafuta ukuta?" Nilimjibu vibaya. Radhi nilimwomba baadaye, tulipoacha barabara kubwa na kukata kulia kwenda Butiama.

Hata hiyo radhi niliichanganya na lawama. Nilimwambia baba yake alikuwa mtu wa kesho. Kwamba kila tulipopanga safari palizuka palizi, au kikao cha kanisa, au paa la jikoni limeanza kuvuja, mpaka hoteli mbili zikafa na mwenyewe akafa. Nilimweleza kwa kirefu, unanijua.

Butiama ipo, Magesa. Mabati ni mapya lakini mabenchi ni yale yale, na vikombe viko ukutani. Mama amepumzika siku nyingi, anaendesha bintiye, Wegesa. Sikusubiri hata kuketi. Nilikwenda kwenye ukuta, nikageuza kikombe kimoja, kingine, nikaona kijani, nikakitoa kwenye msumari.

"Shikamoo, mzee. Lakini hicho hakitoki."

Nikamweleza mimi ni nani, wewe ulikuwa nani, na neno lako la wodini. Akanisikiliza huku anamimina chai ya watu wengine. Akasema utaratibu aliuacha mama yake: mteja akifariki, kikombe hakibebwi. Mrithi anakuja, anakinywea hapa hapa, kinarudi kwenye msumari wake. Nikamwambia maneno ya marehemu yana uzito. Akasema, "Mwalimu mwenyewe alikuwaga anakuja, mzee. Anakaa pale pembeni. Akimaliza anaosha vikombe viwili, chake na kile chekundu. Nikimuuliza chekundu cha nani, anasema cha mwenzangu, yuko njiani."

Nyabise alinitazama, halafu akageukia mlangoni.

Nikaketi. Palizi ilikuwa ya shamba la Buhare, nalo ni langu. Mzee wa kanisa ni mimi. Paa lililovuja ni la jikoni kwangu. Wewe ulikuwa unasema twende, mimi nasema mvua zikikatika. Niliyasoma yote pale kwenye benchi, kosa kwa kosa, kama mwanafunzi aliyerudishiwa daftari.

Lakini na wewe una kosa lako, na hili silifuti. Kwa nini hukuniambia? Unatoka Butiama leo, kesho unakaa uani kwangu, unaniacha niseme "tutaenda", nawe unaitikia "tutaenda, Mwalimu". Ulinihurumia. Ungenigombeza ningevaa viatu.

Na kule wodini hukusema nikilete kikombe. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Wegesa alimpa binti yako kikombe cha kijani, akamwambia asibakize. Nyabise alikunywa, akakunja uso, akasema, "Tangawizi yote hii, baba alikuwa anaimezaje?" Kisha akainamisha kichwa, akainywa mpaka ikaisha. Mimi nilinywea chekundu. Hakikuwa na vumbi wala kutu, Magesa. Baada ya miaka yote hiyo.

Tulipokuwa tunaondoka Wegesa akauliza kama tutarudi Jumamosi. Nilishafungua mdomo nimweleze habari ya palizi. Nikaufunga.

Basi pumzika, ndugu yangu. Hasira ninazo bado, zako na zangu, na sitakudanganya kwamba zitaisha. Ila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, nitakuwa kwenye benchi la pembeni. Nyabise akichelewa nitapanda bodaboda mpaka stendi. Nikimaliza chai nitaosha vikombe viwili.

Mwenzako,
mwenye kikombe chekundu