Matanga ya Kichwa Kimoja

Kibondo, 8 Machi 1976

Kaka yangu Nestori,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Munanila, wewe na baba mdogo Sylvesta na majirani wa kijiji kipya. Mimi sijambo, ila mikono imechubuka kwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni.

Kaka, mwezi wa tano mama anatimiza mwaka tangu azikwe. Nakuomba tumalize matanga. Unajua kwetu binti haolewi kabla hajanyolewa na kutolewa matanga ya mama yake, na mama yake Bazilio ameshasema mkwe mwenye matanga haingii kwake, hata Bazilio alie machozi. Ng'ombe wao mlishampokea tangu mwaka juzi. Nimempa Gharibu, yule mwenye lori la chumvi, fedha ya mtama wa pombe. Usiipeleke kwingine, nakujua.

Mimi mdogo wako,
Esteri


Munanila, 2 Aprili 1976

Mdogo wangu Esteri,

Salamu nimezipata na fedha nimezipata, vyote vitamu. Huku tu wazima, isipokuwa baba mdogo anasumbuliwa na goti na mimi nasumbuliwa na jembe.

Kuhusu matanga, tatizo ni pombe. Tangu tulipohamishiwa kijijini migomba yetu hapa haijazaa, na ile tuliyoiacha mahame inaliwa na nyani na wezi. Tukinunua ndizi za pombe ya matanga, kisha nyingine za kukuaga wewe, tutauza hata mlango. Nimeonelea tuunganishe. Siku moja, fahali mmoja, pombe moja. Asubuhi tunanyolewa na kumaliza matanga ya mama, jioni tunakukabidhi kwa kina Bazilio. Wageni ni wale wale na matumbo ni yale yale. Tungoje mwezi wa nane, mtama ukishavunwa. Siku ikipangwa Gharibu atakuchukua na lori lake. Wewe endelea kutuma kidogo kidogo, na usinenepe sana huko, kitambaa cha gauni ni ghali.

Mimi kaka yako,
Nestori


Kibondo, 21 Aprili 1976

Kaka mpendwa,

Hujambo? Na goti la baba mdogo limepoa? Nimeicheka barua yako mpaka mpishi akaja kuniuliza kuna nini.

Shauri lako ni zuri. Bazilio amembembeleza mama yake, naye amekubali kungoja mpaka huo mwezi wa nane. Nimeacha chumba nilichopanga, nalala stoo ya mashuka ili nipate cha kukutumia. Gauni sinunui, nitaazima la Immakulata aliyeolewa mwaka jana. Kila mwisho wa mwezi Gharibu atakuletea kitu.

Ninalokuomba ni moja tu. Nataka niwepo mahame wazee watakapomwagia pombe kaburi la mama. Alipofariki nilikuwa huku, nikafika nikakuta udongo umeshakauka. Siku hiyo ndiyo nitakayomuaga.

Mdogo wako akupendaye,
Esteri


Munanila, 5 Septemba 1976

Mdogo wangu Esteri,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima na tena tumeongezeka.

Matanga ya mama tumeyamaliza mwezi uliopita. Shughuli ilikuwa safi, hakuna aliyeondoka na kiu. Kwa vile pombe ilikuwepo na wazee walikuwepo, niliona tuunganishe na harusi yangu. Nimemwoa Pelagia, binti Ndayiragije wa Muyama. Ng'ombe wa Bazilio ndiye aliyekwenda kwao. Ng'ombe wa dada ndiye anayemwolea kaka, hilo si geni kwako. Sikukuita kwa sababu lori la Gharibu liliharibika, nauli ya magari mengine ni kubwa, na siku usipokwenda kazini wanakukata mshahara. Nikaona nikuokolee gharama. Yako tutaifanya mwakani, migomba ikizaa. Pelagia anakusalimu sana wifi yake.

Mimi kaka yako,
Nestori


Kibondo, 23 Septemba 1976

Kaka Nestori,

Salamu.

Kabla barua yako haijafika, Gharibu alikuja kuniuliza kwa nini sikuonekana kwenye harusi. Lori lake ndilo lililobeba ndizi zenu. Ulimwambia nimekataa kuja.

Umenisaliti, kaka. Ng'ombe sikudai, desturi naijua. Lakini wote mmenyolewa, mmemuaga mama, mmekunywa pombe ya mshahara wangu, na katika watoto wa mama yetu ni mimi peke yangu niliyebaki na matanga. Kina Bazilio wanataka mke au ng'ombe wao.

Sitaki fahali wala harusi. Niitie wazee watatu na mtungi mmoja, waninyoe mbele ya kaburi la mama. Nauli nitajilipia mwenyewe. Nijibu kabla ya Noeli, nakuomba.

Mdogo wako,
Esteri


Munanila, 10 Julai 1977

Mdogo wangu mpendwa Esteri,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima? Kazi inaendeleaje? Barua yako ya mwaka jana niliipata, ila shughuli za kijiji zilinibana. Na wewe ufikirie, kuwaita tena wazee kwa ajili ya kichwa kimoja ni gharama kubwa.

Sasa nina habari njema. Pelagia amejifungua mtoto wa kike. Unajua mtoto wa kwanza hatolewi nje wala hapewi jina mpaka shangazi yake ambebe. Dada mwingine sina, na baba mdogo ana wana wa kiume watupu. Watu wameanza kuuliza shangazi yuko wapi. Mama Pelagia ameuliza mara mbili. Njoo upesi, nauli nitakulipia mimi. Na matanga yako tutayamaliza siku hiyo hiyo.

Kaka yako,
Nestori


Kibondo, 2 Agosti 1977

Nestori,

Sisi ni wazima. Nimefurahi mtoto ni mzima pia, yeye hajanikosea. Lakini kuja siji, na nitakueleza sababu usije ukasema ni hasira tu, ingawa hasira ninayo.

Noeli ilipita, Pasaka ikapita. Mama yake Bazilio alichoka kungoja, akawauliza wazee wa hapa kama mtu anaweza kunyolewa ugenini. Wakamwambia anaweza, ikiwa hana kwao. Ndivyo wanavyowafanyia wale waliokimbia Burundi wakiwa peke yao. Ila lazima mtu atamke neno hilo mwenyewe mbele ya watu, na akishatamka halirudi.

Mwezi wa tano wakanikalisha kwenye mkeka, mzee Hatungimana ameshika wembe. Akaniuliza, "Kwenu una ndugu?" Nilikuwa bado naingoja barua yako, hata hapo mkekani. Bazilio alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia.

Nikasema, "Sina."

Akaninyoa, wakamwaga pombe chini kwa jina la mama, na wiki iliyofuata nikaolewa. Nililia siku ile, na nimelia nikiandika haya.

Shangazi ni dada wa baba wa mtoto. Mtafutieni mwingine.

Esteri wa Bazilio