Kibuyu Kilichongoja Meli

Jumatano, 5 Februari
Nimekamua. Maziwa yamepungua. Karanja, kijana wangu, anampa ng'ombe majani makavu halafu anashangaa. Muratina, pombe yetu ya asali, inachacha kwa kibuyu nyuma ya jiko. Wageni wanakuja Jumamosi. Ni watu wa Mwangi kutoka Subukia, wanamchumbia mjukuu wangu Nyambura, huyu niliyemlea. Yeye hayuko. Yuko Karibea kwa meli ya watalii, anatandika vitanda na kukunja taulo zikae kama tembo. Mtu mzima. Tembo wa taulo.

Alhamisi, 6 Februari
Nyambura ametuma ujumbe. Jumamosi meli itakuwa bandarini, watalii watashuka kuchezea mchanga, kazi itakuwa kidogo. Atapiga simu ya video. Hakuuliza habari ya Mwangi. Hakuuliza wageni. Aliuliza mguu wangu unaouma.
Sijapenda.

Ijumaa, 7 Februari
Karanja ana mdomo. "Mathe, network ikikataa tunaendelea. Si alisema sawa kabla aende?" Nikamwambia pombe ya kuchumbia hainywewi mpaka msichana aulizwe mbele ya watu, na ajibu kwa mdomo wake. Akasema hayo ni ya zamani. Pombe ya zamani anataka, swali la zamani hataki. Nimemfukuza jikoni.
Mimi mwenyewe naitaka hii ndoa. Mwangi ana duka, na anasalimia watu. Nyambura akiolewa Subukia nitakuwa nikimwona. Ukweli ndio huo.

Jumamosi, 8 Februari
Wamekuja, wamekula. Mbuzi alikuwa mgumu, hakuna aliyesema. Tukangoja. Huku jua limeanza kushuka, kwake bado ni asubuhi. Simu kimya.
Karanja akashika kikombe, akasema msichana alishakubali, tusiwachoshe wazee. Nikavuta kibuyu, nikakiweka katikati ya miguu yangu. Babake Mwangi akacheka. "Mama, utakiatamia mpaka kianguliwe?" Nikamwambia mwenye haraka, chai iko.
Simu ikalia. Nyambura amekaa juu ya meli, nyuma yake viti vitupu. Meli imefungwa kwa kamba kama ng'ombe. Kumetulia huko, hata ndege nimemsikia. Nikamuuliza mbele ya wote, "Nyambura, tunywe hii pombe?"
Aliangalia kando. Halafu akaniangalia mimi, si wao.
"Hapana, shosho. Msinywe. Wazee mnisamehe."
Nikaziba kibuyu na gunzi la mahindi. Wageni wameondoka na heshima yao. Mwangi alinipa mkono, akanishukuru kwa chakula. Hiyo iliniuma kuliko yote.

Jumapili, 9 Februari
Sikuenda kanisani. Waongee, midomo ni yao.
Karanja anasema nimeharibu. Ningewaacha wanywe, leo tungekuwa na mkwe. Ni kweli. Tungekuwa naye.
Nimemkasirikia msichana. Angesema mapema, nisingekalisha watu bure. Jeuri. Lakini jina alilobeba ni langu, na kichwa pia.
Mimi pia niliulizwa, siku yangu. Kibuyu kilikuwa kimeshanywewa nusu.

Jumatano, 12 Februari
Nimempita mama ya Mwangi sokoni. Amenisalimia na mdomo, macho yakabaki kwa vitunguu. Nimenunua nyanya. Nimerudi.
Karanja bado ananinunia. Anakula lakini.

Jumamosi, 15 Februari
Vumbi. Mvua bado.
Meli iko bandarini tena, kisiwa kingine. Nyambura amepiga. Amesema aliogopa kuniambia mapema, ningemlilia kwa simu akubali. Ningelia. Sikubisha.
Alizungusha simu nione bahari. Maji tu. Nikamwambia asikae karibu na ukingo, avae sweta. Akasema kuna joto, shosho, watu wanatembea nusu uchi. Nikasema shauri yao.
Akaniuliza kama bado nimekasirika.
Nikasema ndiyo.
Nikamuuliza kama amekula.
Muratina ilikuwa imekuwa siki, nimeimwaga kwa migomba. Kibuyu nimekiosha, nimekianika, nimekirudisha ukutani mdomo ukiangalia chini.