Kibao Namba Tisa

Mwanangu mpenzi, kifungua mimba wangu,

Nakusalimu kwa salamu zote ninazozijua, na zile nisizozijua ujisalimie mwenyewe kwa niaba yangu. U hali gani huko? Kifua kimepoa? Lile vumbi la kiwandani bado mnalimeza, au wameshawapa vile vitambaa vya kuziba pua mlivyoahidiwa? Ukipewa, vaa. Wakikucheka, waache wacheke, watakohoa wao. Na usilale na nguo mbichi. Najua unafua usiku na kuvaa asubuhi, usinifiche, mimi ndiye niliyekuzaa.

Huku mimi ni mzima. Miguu inavimba ikifika jioni, lakini mpiga pasi asiyevimba miguu atajuaje kama amefanya kazi? Baba yako mdogo anakusalimu, bado anasema atakuja kunitengenezea paa, na paa bado linamsubiri. Mimi nachoma mkaa wangu, napiga pasi, nakunja, siku inapita.

Barua yako niliipata, na radhi nakuomba kwa kuchelewa kujibu. Miezi mitatu si mchezo. Uliniuliza lile dai letu la hospitali limefika wapi. Ukaniambia pia kwamba ukija likizo, yule karani wa dirishani atakutambua. Hilo la pili limeninyima usingizi kuliko la kwanza. Nitakueleza yote, ila nivumilie niende polepole, mkono wangu si wa kalamu.

Uliporudi kazini baada ya kumzika mdogo wako, nilikaa ndani siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu akaja Sista Sindano, yule nesi mstaafu wa nyuma ya mashine ya kusaga. Unamjua ulimi wake, ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Hakunipa pole. Aliketi, akatazama rundo la nguo za watu ambazo sijazigusa, akaniambia kwamba machozi ni haki yangu na hakuna atakayeninyang'anya, lakini ile foleni pale hospitali haijapungua hata mtu mmoja kwa machozi yangu. Akaniambia nivae viatu.

Tulikwenda kwa fundi seremala, yule mchonga majeneza. Yeye naye mkewe alifia kwenye foleni ile ile, mwaka wa kabla yetu. Karakana yake ndiyo ikawa baraza letu, tunakaa juu ya mbao, maranda hadi kwenye nywele. Sista Sindano alikuwa akimtania kila akiingia, fundi usinipime kwa macho, mbao zangu bado ziko msituni. Fundi anacheka hadi anakohoa. Ndivyo tulivyokuwa tukicheka, mwanangu, usidhani tulikuwa tunalia tu.

Wewe umeondoka siku nyingi, labda umesahau mambo ya vibao. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi mlinzi anafungua geti na kugawa vibao arobaini vyenye namba. Wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuonwa. Vikiisha, vimeisha, na dirisha likifungwa saa nane, hata mwenye kibao anaambiwa njoo kesho. Hakuna anayekutazama. Mwenye upele anayekaa jirani na geti anapata namba moja, na anayebebwa na watu wanne saa tatu anaambiwa awahi siku nyingine, kana kwamba ugonjwa ni basi.

Tulichodai ni kitu kimoja. Kabla ya vibao kugawiwa, na baada ya hapo kila saa, nesi mmoja apite kwenye foleni awatazame watu, mwenye hali mbaya aingie kwanza. Tukakipa jina, Tazama Kwanza. Sista Sindano alisema hilo halihitaji jengo wala mashine, linahitaji nesi mmoja na macho mawili, na akikosekana mwenye mawili hata chongo atafaa.

Tukapita nyumba kwa nyumba na madaftari. Wengine walitia sahihi, wengine wakatia dole gumba. Muuza nyama akatuuliza kama sasa tumekuwa wabunge. Bibi mmoja alitia dole, akalitazama, akasema hilo ndilo dole alilotia siku ya ndoa yake na halikumletea heri, ngoja alijaribu tena. Aliyetembea kuliko sote alikuwa mke wa kinyozi, yule mwembamba wa nyumba ya kona. Kifuani amembeba binti yake, mkononi daftari, jua lote. Watu walimsifu sana. Alikuwa akipita kwangu ananiachia madaftari juu ya meza ya kupigia pasi na kuondoka bila kuniangalia usoni.

Na mimi nikawa ndiyo habari yenyewe. Kila mkutano nilisimamishwa niseme jinsi tulivyokwenda hospitali na mdogo wako, anaumwa tumbo, tukapata kibao namba thelathini na tisa, dirisha likafungwa kabla hatujafikiwa, karani akatukejeli, tukarudi nyumbani, na kesho yake asubuhi akanifia pale pale kwenye benchi akisubiri. Fundi alichonga kibao kikubwa, akaandika 39 kwa rangi nyekundu, tukakibeba mbele ya hospitali. Karani akasimamishwa kazi. Watoto mtaani wakaanza kuniita Mama Thelathini na Tisa. Nimezaa watoto wawili kwa uchungu, nikaishia kuitwa kwa ubao.

Mwisho serikali ikaleta kamati, watu watatu, wakakaa kwenye ukumbi wa shule. Jumanne iliyopita ikawa zamu yangu. Nilisema vizuri, mwanangu, ungeniona. Nilipomaliza, yule bwana wa katikati, mpole, anaongea kama anamlaza mtoto, akaniuliza vibao vinagawiwa saa ngapi. Nikamjibu. Akauliza, basi namba thelathini na tisa humwangukia mtu wa namna gani, aliyewahi au aliyechelewa? Akauliza tena, mama, siku ile ulifika saa ngapi?

Nikaikaza kanga kiunoni, nikarudi kukaa.

Wakamwita karani. Alisimama mikono nyuma, shati lake lina mikunjo ya kulaliwa, kola imegeuka. Mimi kazi yangu ni mashati, nikiona shati naijua nyumba lilikotoka. Nyumba ile haina furaha. Akasema anakumbuka kwamba mama huyu alimwambia yupo tangu alfajiri, na yeye akamjibu kwamba waliokuja alfajiri wana namba za alfajiri. Watu wakamzomea. Mimi nikatazama sakafu.

Ndipo yule bwana mpole akasema labda tatizo si vibao, tatizo ni watu kuchelewa kuamka. Huenda wakaongeza vibao ishirini, na wananchi waelimishwe kuwahi. Kuhusu nesi wa kupita kwenye foleni, haoni kwamba marehemu huyu ni ushahidi wa kutosha. Watafunga mjadala Alhamisi ya wiki hii, wakirudi.

Nje fundi akawa ananitetea kwa watu, anasema mama ameogopa suti. Sista Sindano alinishika mkono, tukaenda hadi kwenye kona ya kinyozi. Hapo akaniambia ameshika mapigo ya watu miaka thelathini, na mtu anayeficha jambo mapigo yake huonekana hata shingoni.

Kesho yake nikaenda kwake. Sikumwambia chochote. Nilimuuliza tu, tumbo linaweza kuuma usiku kucha halafu asubuhi likatulia lenyewe? Akaweka kikombe chini. Akaniambia kidole tumbo kikipasuka, maumivu hupoa kwa saa chache, mgonjwa akadhani amepona, kumbe sumu ndiyo imemwagika ndani. Anaanza kusikia baridi. Akaniambia saa hizo chache ndizo zilizobaki za kumwokoa mtu.

Sasa mwanangu, kaa chini kama umesimama.

Hatukupata namba thelathini na tisa. Tulipata namba tisa. Nilimwamsha mdogo wako kukiwa giza, tukafika watu wako wanane tu getini. Nilikuwa na kibao namba tisa mkononi mwangu.

Saa moja na nusu hivi akaja mke wa kinyozi anakimbia, binti yake mgongoni ana degedege, macho yamegeuka. Mlinzi akampa thelathini na tisa. Akaanza kupita kwenye foleni anaomba abadilishiwe. Sisi wa foleni ile tuna desturi yetu, mwenye namba ndogo akiweza humwachia mwenye mtoto au mzee. Hakuna aliyetufundisha. Ni utu. Wa namba tatu akamtazama pembeni, wa tano akajifanya amelala. Akanifikia mimi.

Nikamuuliza mdogo wako anajisikiaje. Akasema tumbo limetulia, ila anasikia baridi. Nikafurahi. Nikasema basi, Mungu ametuonea huruma, tumwachie mwenzetu. Watu nimewaambia kwamba siku ile mdogo wako alikuwa mpole na mvumilivu, na ni kweli, lakini sijawahi kumwambia mtu alichosema hapo. Alinishika kifundo cha mkono. Akasema, mama, tubaki na yetu.

Nikamwambia aache uchoyo. Nikamwambia hivyo mbele za watu, ana miaka kumi na tisa, nikamuuliza kama hivyo ndivyo nilivyomlea. Akaniachia mkono. Nikatoa kibao.

Watu kwenye foleni wakasema mama huyu ana moyo. Nilisikia, na nilipenda kusikia. Hilo nalo nakuambia.

Binti wa kinyozi akaonwa, akapona. Sisi tukakaa hadi saa nane. Dirisha lilifika thelathini na sita. Nilipomwambia karani tupo tangu alfajiri, yeye aliona kibao tu, na kibao kilisema vingine. Hakunikejeli. Alijibu alichokiona. Mimi ndiye niliyeita kejeli, kwa sababu ilibidi awepo mtu wa kulaumiwa ambaye si mimi.

Kwa hiyo zile hasira zote ulizomwekea yule kijana wa dirishani, usiziharibu kwake. Zilete hapa, ndipo mahali pake.

Juzi nilimrudia Sista Sindano, nikamweleza yote haya. Akasema nikiyasema Alhamisi, huenda watu wakageuka na dai letu likafa. Nikinyamaza limeshakufa, maana kamati inaamini tulichelewa. Akasema hawezi kunichagulia. Nikamwambia mimi sina elimu, lakini naona hivi. Mle kwenye foleni siku ile walikuwemo watoto wawili wa kufa, na aliyeachiwa kuamua nani atangulie ni mpiga pasi. Nesi angepita, angemgusa mdogo wako tumbo, angemwona na yule mtoto macho, wote wawili wangeingia. Mke wa kinyozi hangekuwa na haja ya kuniomba, wala mimi ya kutoa. Tuliwahi. Tuliwahi kabisa, na bado alikufa. Hilo ndilo kamati haijalisikia.

Jana nilikwenda kwa mke wa kinyozi. Hata sijaketi alikwisha kujua. Alilia, akaniomba nisimtaje binti yake, asije akakua akiambiwa mtaani kwamba anaishi kwa nafasi ya mtu. Nimemwahidi. Nitasema nilimpa mwenye mtoto, basi. Akaniuliza kama namchukia. Nikamwambia hapana, na nilipokuwa nasema sikuwa na uhakika. Mtoto mwenyewe alikuwa anavuta pindo la kanga yangu, ana meno mapya mawili.

Leo ni Jumatano. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimekwisha kusimama na kusema, na redio huenda ikakufikia kabla ya posta. Watu wataniita wanavyotaka, Thelathini na Tisa litakuwa jina la heri. Ninachoogopa si wao. Naogopa wewe usikie kwa mtangazaji kwamba mama yako alimwachia mtu zamu ya mdogo wako, halafu akasimama miezi mingi akilia mbele ya watu kama asiyejua.

Sikuombi unisamehe. Ungekuwa umekaa hapa mbele yangu ningeomba, kwa barua naona ni kama kukulazimisha. Nakuomba tu usifanye jambo kwa hasira, usiache kazi, usilale na njaa kwa ajili yangu.

Wote hapa wanakusalimu, jirani wa kushoto na wa kulia, na fundi amesema ukija utamkuta pale pale karakanani. Sina la ziada ila mapenzi, nayo hayaingii kwenye bahasha.

Ukiweza kunijibu, nijibu. Ukishindwa, nitumie hata karatasi tupu, nijue tu kwamba u mzima.

Ni mimi,
Mama yako