Kondoo Wasioujua Mlima

Skelgarth, Cumberland,
Jumapili, baada ya kukata majani

Dada yangu mpendwa Thirza,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua cha Mama kimepata nafuu, na maji ya mifereji hayajafika kwenye viazi. Mimi ni mzima, ila miguu imechoka, na akili imechoka zaidi.

Umeniuliza tena kwa nini siji, na wewe na mchumba wako Cyril hamwezi kwenda Kanada mkamwacha Mama peke yake. Swali lako ni la haki. Nitaanzia mbali kidogo, maana mwenyewe sijui jibu liko wapi.

Huku wana neno lao, heft, linalonisumbua tangu nifike. Mzee Birkett, tajiri wangu, aliponituma nipeleke kondoo kwenye heft, nikajua ni mahali. Kesho yake akasema heft imeshuka, nikaona kundi lenyewe linateremka. Mkewe, Bi Agnes, akinyanyua gunia la unga kupima uzito kwa mkono, naye hulitaja hilohilo. Nilipouliza maana yake hasa ni ipi, mzee alicheka, akasema, “Wewe mtu wa matopeni, kwenu kila shamba lina mfereji pembeni, sasa unataka na kila neno liwe na wake.”

Nilichoelewa, kama nimeelewa, ni hiki. Huko juu mlimani hakuna ukuta wala uzio. Kondoo jike hubaki kwenye kipande alichonyonyeshewa na mama yake, na mwanawe vilevile, na mpaka wanaujua wao. Ndiyo maana mtu akihama shamba, kondoo hawahami. Anamwachia anayeingia.

Mwaka juzi mwenye ardhi, aliyemkodisha mzee shamba hili, alifariki, mwanawe akaja kutoka mjini. Akaona kondoo majike wamezeeka, meno hawana, akawauza wote mnadani na kuleta wengine, wanene, wazuri kweli. Mzee Birkett akamwambia, “Bwana mdogo, umeuza ukuta wako.” Yule bwana akageuka huku na huku akiutafuta huo ukuta. Wiki haikuisha, kondoo wageni wakawa wametawanyika mabonde ya jirani. Majirani waliowarudisha walituuliza kama siku hizi tunafuga kondoo au njiwa.

Tangu hapo kazi yangu ni kusimama mpakani na mbwa, mvua na jua, nikiwarudisha. Mzee anasema wale wakubwa hawatajifunza kamwe, nasimama kwa ajili ya watoto wao. Yeye magoti yamekwisha, na mwingine wa kusimama hayupo. Nikiondoka kabla wanakondoo hawajakua, kundi litapotea, na mzee atanyang'anywa shamba. Bi Agnes ameacha kuniuliza nitaondoka lini. Ananiwekea sahani tu.

Lakini Thirza, hilo si jibu lote. Nilikuja. Mwezi wa tano, nilipokuandikia kwamba nina homa, mzee alikuwa amenipa ruhusa, nikapanda treni. Nilifika hadi daraja la mfereji wetu. Nilikuona uani unamwosha Mama nywele, yeye anakugombeza kwamba maji ni ya moto, nawe unamwambia atulie la sivyo utamnyoa. Nilicheka peke yangu. Kisha nikageuka nikaenda zangu. Sikuwa na hasira, na kazi siiogopi. Nchi ilikuwa bapa mno, macho yalitafuta pa kupanda yakakosa. Nalifikiria jambo hili kila siku huko mpakani, na bado sielewi ni mtu wa namna gani anayefanya hivyo.

Basi usiningoje. Mwambie Cyril apeleke majina yenu kanisani yatangazwe. Bi Agnes anasema chumba cha chini kina meko, Mama anakaribishwa. Ila Mama amezaliwa kwenye tope lile, na nimeona wanavyohangaika wakubwa wakihamishwa. Akikubali, nitakuja kumchukua. Akikataa, nitarudi nikae naye, na mbwa nitamwachia mzee. Mwaka mzima tumeandikiana juu yake, wewe na mimi, na hakuna aliyemuuliza. Weka barua hii chini, dada, nenda ukamuulize.

Msalimie Cyril na watu wa kwao. Mbusu Mama shavuni, na habari za darajani usimwambie mpaka awe amekwisha jibu.

Ndimi kaka yako,
Jabez